Ukuta wa Chumba cha Tatu

Kiogoro,
Jumapili, 14 Februari 1971

Mwanangu Alfayo,

Pokea salamu za nyumbani, na uzipokee kwa mikono miwili maana ni nyingi. Sisi wote tunapumua vizuri. Baba yako Obadiah goti linamsumbua kila asubuhi, lakini likisikia chai iko tayari linapona. Ng'ombe mwekundu amezaa, na amezaa jike, kama nilivyosema mimi wakati baba yako anabisha. Nyanchera dada yako amemaliza kujifunza kushona. Amenishonea gauni lenye kola pana, na Sabato iliyopita watu walinitazama mimi badala ya mhubiri. Nilimwomba Mungu msamaha papo hapo kwenye benchi. Lakini Sabato ijayo nitalivaa tena.

Usishangae naandika Kiswahili. Baba yako anasoma Ekegusii tu, na barua ya Ekegusii anaimaliza kabla wino haujakauka, halafu anataka niongeze habari za goti. Hii ni yetu wawili. Tena wapangaji wangu wengine ni watu wa mbali, naongea nao Kiswahili kila siku ya soko, kwa hiyo kimenikolea. Mwalimu wangu wa darasa la nne angeniona leo angeficha chaki.

Sasa nije kwa jambo lako. Barua yako niliisomea akina mama wa Dorkasi kanisani, ile sehemu inayosema umepata ploti huko Nakuru. Niliisoma polepole. Kisha mmoja aliyekuwa mbali akasema hakusikia, nikaisoma tena. Unaniuliza mtu anayeanza kupangisha nyumba ashike nini. Umeuliza pahali pake. Siku hizi pale Keumbu, tangu tumalize vile vyumba vinne vya mabati, hakuna anayeniita Drusilla. Naitwa Mama Ploti.

Anza na choo. Watu hujenga vyumba, wakapaka chokaa, wakaita majirani waje kuona, halafu mpangaji wa kwanza anauliza choo kiko wapi na mwenye nyumba anaonyesha shamba la mtu. Chimba choo, chimba na mtaro wa maji ya mvua, ndipo uanze kuringa.

La pili, usimpangishie mtu wa ukoo wetu. Hata akija analia. Unamkumbuka Onyancha, binamu ya baba yako. Tulimpa chumba cha kwanza. Mwisho wa mwezi alikuwa ananiletea mkungu wa ndizi na habari za babu yao. Nikitaja kodi, anamgeukia baba yako na kumwita "ndugu yangu wa damu," mpaka baba yako anatafuta kitambaa. Mtu kama huyo utamtoaje? Tangu aende kwake nimeapa: kwangu wanapanga watu wa koo nyingine tu. Mtu asiye ndugu yako mnaelewana haraka.

La tatu, usimpangishie mkwe. Mong'ina wa Marani, yule tuliyeimba naye kwaya, alimpa mume wa binti yake chumba. Mvua ya upepo ikaja, bati likang'oka. Wewe unajua kwetu mama mkwe haingii nyumba anamolala mkwewe. Basi Mong'ina alisimama barabarani, mwenye nyumba mzima, analoana, anapaza sauti kuwaambia wapita njia wamwambie mtu aliye ndani asogeze godoro! Nyumba ni yake na mlango si wake. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wewe usije ukafanya ujinga huo.

La nne, ingia ndani ukaone. Usisimame mlangoni kama mtu anayeuza mayai. Tazama nyuma ya mlango, tazama chini ya kitanda, tazama kama ukuta una moshi. Mtu akificha uchafu, huuficha hapo.

Mpangaji wangu mzuri kuliko wote yuko chumba cha tatu. Anaitwa Omwenga, anatoka upande wa Nyamira, ni karani wa chama cha ushirika, anapima pareto ya watu na hakuna aliyewahi kunung'unika. Salamu zake huanza akiwa mbali. Nyanchera ndiye ananisaidia kwenda kuangalia vyumba siku ambazo nina kazi. Zamani ukimtuma Keumbu alikuwa anasema miguu inauma. Sasa anakwenda hata siku ambayo sijamtuma, na anavaa viatu. Nafurahi sana kuona mtoto anapenda kazi.

Kula vizuri. Huko Nakuru najua mnakula mkate kama ndege.

Ni mimi mama yako,
Drusilla Kemuma


Nakuru,
Jumapili, 7 Machi 1971

Kwako Mama Ploti, mwenye vyumba vinne na kola pana,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, ili usije ukaisoma mbele ya Dorkasi nzima ukiwa umesimama. Mimi ni mzima. Kazi ya reli inaendelea, na vumbi la Nakuru linaendelea kuniingia masikioni. Mpe Baba pole ya goti. Umwambie kwamba chai yangu hapa siyo dawa, pengine kwa sababu naipika mwenyewe.

Mafundisho yako nimeyapokea. Choo kimechimbwa. Fundi alinicheka, akasema hajaona ploti ambayo choo kina mlango na nyumba haina. Nikamwambia hiyo ni amri kutoka Kisii. Msingi wa vyumba vitatu umekwisha. Nataka milango itazamane ili wapangaji wawe kama familia moja. Unaonaje?

Lile la Mong'ina limenichekesha, kisha likaninyamazisha. Mama, nina ombi. Hiyo kazi ya kuingia na kukagua, endelea nayo chumba cha kwanza, cha pili na cha nne. Chumba cha tatu kiache. Mtume mtu mwingine, au simama mlangoni kama hao wauza mayai. Usiniulize sababu. Kuna mtu nimemwahidi nitafunga mdomo, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ahadi hailiwi kama kiporo.

Nyanchera naye ameniandikia. Barua ndefu, kurasa nyingi, mwandiko mzuri. Anasema yu mzima. Mengine aliyosema ni yake.

Nakuomba tena, Mama. Kuta za chumba cha tatu ni nzima, niamini.

Mwanao mtiifu,
Alfayo Ratemo


Kiogoro,
Jumapili, 2 Mei 1971

Mwanangu Alfayo,

Salamu, na tena salamu, maana nimechelewa. Si kosa langu. Mvua za mwaka huu zimekula barabara, na barua yako ilipofika kwa duka la Machogu akaiweka chini ya gunia la chumvi ili isilowe, kisha akasahau gunia liko wapi. Nimeipata juzi, ina ladha.

Sisi tuko vizuri. Ndama anakua. Baba yako amepanda mahindi akiwa ameketi kwenye kiti, anasogezewa. Migomba miwili imeanguka kwa upepo, hivi sasa kila nyumba hapa Kiogoro inakula matoke na kusema asante.

Milango isitazamane hata kidogo! Mlango ukitazama mlango, huyu ataona nyama ya yule, na yule atahesabu wageni wa huyu. Watakuwa familia kweli, maana watagombana kila siku. Elekeza yote upande mmoja.

Halafu unaniambia nisiingie chumba changu. Wewe ambaye nyumba yako bado ni msingi na choo! Mimi nimeingia, Alfayo. Nimeingia kabla sijapata barua yako, na nimeingia baada ya kuipata, ili nione ni nini unachokificha humo.

Wacha nikuambie nilichoona, ujifunze. Sufuria zimeoshwa, na hazikuoshwa kwa sababu yangu, maana nilikwenda bila kusema. Nyuma ya mlango pana jembe, na jembe lina udongo mpya. Nikamwuliza karani anataka nini na jembe. Akasema amelima kile kipande cha nyuma ya choo, amepanda sukuma wiki, wapangaji wote wachume. Ukutani hakuna moshi, anapikia nje hata mvua ikinyesha. Ana vikombe viwili, cha bati kilichochakaa na kingine cha maua, kizuri, ambacho hakionyeshi kama kimetumika. Nikajisemea: bwana mmoja, vikombe viwili. Nimeweka hilo akilini.

Kitanda nacho kilikuwa karibu na ukuta. Kitanda kikigusa ukuta, unyevu unaingia kwenye godoro na mpangaji anakohoa, halafu anasema nyumba yako ina ugonjwa. Nilikaa juu yake nikajisogeza mpaka ukutani kupima. Hakigusi. Tena ni imara, hakilii. Amekitengeneza yeye mwenyewe.

Jambo lingine la kushika. Mpangaji usimpime kwa maneno, mpe kitu kibovu. Huyu nilimwazima taa yenye kioo kilichopasuka, nikanyamaza. Mwingine angeirudisha anasema ilikuwa hivyo, na angekuwa hajasema uongo. Omwenga aliirudisha na kioo kipya, na hakusema neno. Mpaka leo hajui kama nimeona.

Nikamwuliza na habari za kwao. Baba yake amekufa, mama yake yuko Nyamira, na kila mwisho wa mwezi anaenda kumtazama. Mtu anayemkumbuka mama yake hakutoroki na kodi. Hilo silisemi kwa sababu yako wewe, ambaye hujaonekana hapa tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mimi naongea habari za wapangaji tu.

Nyanchera anashona mapazia. Nikimwuliza ya nani, anasema ya kujifunza. Anajifunza na kitambaa cha bei.

Ni mimi mama yako,
Drusilla Kemuma


Nakuru,
Alhamisi, 20 Mei 1971

Mama,

Salamu kwa wote, kwa ndama pia. Ni mzima wa mwili.

Mama, ulikaa au uliegemea? Nakuomba uniandikie kwamba uliegemea. Kama kweli ulikaa, basi niandikie kwamba ulikaa kidogo, ukiwa umechoka, bila kujua ni kitanda. Hapana. "Ukajisogeza mpaka ukutani!" Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa kazini, na mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa.

Mtu yeyote akikuuliza, hasa mtu anayetoka upande wa Nyamira, hasa mzee, wewe hujawahi kuingia chumba cha tatu. Hujui kina kitanda. Hujui hata kama kina paa. Wako wazee wengine, Mama, wanaoshika sana mambo ya heshima. Wanaweza kusikia jambo dogo kama hilo wakasema pale hapafai tena, wakarudisha miguu nyuma. Hapo atakayeumia ni mtu unayempenda. Sisemi zaidi. Tayari nimesema kama redio.

Kuhusu ploti: vyumba vimeezekwa na milango yote inatazama upande mmoja, kama ulivyoamuru. Lakini kuna shida ndogo. Nyasani, mtoto wa baba mdogo, alikuja Nakuru kutafuta kazi. Alikuwa na mfuko mmoja na macho ya huruma. Nimempa chumba cha kwanza. Najua utakalosema. Usiliseme kwa nguvu.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Alfayo


Kiogoro,
Jumapili, 27 Juni 1971

Alfayo,

Tunaendelea vizuri. Mvua imepungua. Pareto ni nyeupe kila mahali. Baba yako anakusalimu.

Kuhusu Nyasani sina la kusema, maana nilikwisha kulisema mwezi wa pili. Je, ameanza kukuletea ndizi?

Nimempa Omwenga notisi. Atoke chumba cha tatu mwisho wa mwezi wa saba. Nimemwambia mimi mwenyewe, ndani ya chumba, nikiwa nimeketi. Hakubisha. Aliniuliza tu kama kuna kosa alilofanya, nikamwambia nyumba ni yangu.

Nyanchera hajala vizuri tangu siku hiyo. Anasema ni meno. Sikumwuliza ni jino gani.

Mama yako,
Drusilla


Nakuru,
Alhamisi, 8 Julai 1971

Mama mpendwa,

Nisamehe nisipoanza na habari za hewa. Barua yako nimeipata jana, na leo navunja ahadi yangu. Nyanchera akinichukia, basi anichukie nikiwa nimemsaidia.

Omwenga anataka kumwoa Nyanchera, na Nyanchera anamtaka Omwenga. Wamekubaliana tangu Januari. Hapakuwa na jambo lolote la aibu, nakuapia. Waliongea mlangoni, mchana, watu wote wakipita. Nyanchera aliogopa kukuambia kwa sababu ya maneno yako ya Mong'ina. Alisema, "Mama atacheka mpaka ashike mbavu, halafu atakataa, maana hatataka kuwa Mong'ina wa pili." Akaniandikia mimi nikuzuie polepole usiingie mle ndani, mpaka wajomba zake Omwenga wamtume esigani aje kuzungumza ndoa. Na esigani wamekwisha kumchagua. Alitakiwa kuja nyumbani mwezi wa nane.

Ndiyo maana nilikuomba usiingie. Ndiyo maana nilitaka uwe umeegemea.

Na sasa umemfukuza. Mama, umemfukuza mtu aliyeweka kioo kipya kwenye taa ya watu! Wewe mwenyewe ndiye uliyemsifu kwangu, kurasa mbili, sukuma na jembe na vyote. Nikikumbuka hizo sifa nashindwa nicheke au nilie. Hata akina mama wa Dorkasi ungewasomea barua zako wangeuliza harusi ni lini.

Kama hasira yako ni juu ya siri, hasira hiyo nipe mimi, niko mbali, nitaibeba. Lakini irudishe ile notisi. Esigani akifika akute kijana amefukuzwa na mama wa binti, atageuka hapohapo kwenye lango, na hakuna wa kumrudisha. Nyanchera hatapata mwingine kama huyo. Nami namjua Nyanchera: hatatafuta.

Andika haraka. Mwambie Machogu akae mbali na chumvi.

Mwanao,
Alfayo


Kiogoro,
Jumapili, 1 Agosti 1971

Mwanangu Alfayo, mvunja ahadi,

Salamu za furaha. Kaa chini. Mwambie na huyo mwenzako wa kazini kwamba hakuna aliyekufa.

Ulidhani mimi ni mtu wa namna gani? Msichana anayesema miguu inauma, siku moja anavaa viatu kwenda kuangalia choo cha wapangaji, na wewe unadhani mama yake anafurahia bidii ya kazi? Nilijua tangu siku ya viatu. Barua ile ya Februari nilikuwekea yote mezani, na wewe na shule yako yote ukayala bila kutafuna.

Sasa nikueleze, na hili hukuniuliza, lakini ni fundisho kubwa kuliko la choo.

Mama wa kwetu humwoza binti yake gizani. Esigani anakuja, na kazi ya esigani ni kusifu. Nyumba ya nyasi ataiita mabati. Mama unasikiliza, unakubali, mtoto anaondoka, na huko anakolala hutaingia kamwe. Hutajua kama paa linavuja, kama sufuria zinaoshwa, kama ukuta una moshi. Mama yangu alikuwa anakutana nami sokoni, ananishika mkono na kuniuliza, "Unalala pakavu?" Nilikuwa nasema ndiyo. Miaka ile ya kwanza baba yako alikuwa hajajua kuezeka, nililala na beseni juu ya tumbo. Mama alikufa hajajua. Usimwambie baba yako kwamba nimekuandikia hili, ila ndiyo faida ya Kiswahili.

Halafu mimi Mungu ananipa nini? Ananipa kijana anayemtaka binti yangu, na ananipa ufunguo wa mlango wake! Katika Kisii nzima mpaka Nyamira, nionyeshe mama mwingine aliyepata bahati hiyo. Ningesimama nje na mayai?

Nilimwuliza nyanya yako kwanza, mama wa baba yako. Mimi si mtu wa kuvunja heshima. Nyanya akasema, mkwe ni mkwe tangu siku esigani anapokunywa maji nyumbani kwetu. Kabla ya hapo ni mpita njia anayelipa kodi. Basi nikaona nina miezi kadhaa ya kuwa mwenye nyumba, na baada ya hapo ni mama mkwe maisha yangu yote. Nikaingia. Nikaingia tena. Nilikaa kitandani, Alfayo. Sikuegemea. Mtoto wangu atalala juu ya kitanda hicho, na nilitaka kujua kama kinagusa ukuta.

Na notisi nilimpa kwa sababu nimemkubali. Mpangaji hafukuzwi kwa ubaya peke yake. Nilikufundisha nini? Usimpangishie mkwe. Ningemwacha mle ndani esigani akafika, siku ya mvua mimi ndiye ningekuwa barabarani napiga kelele za godoro, na Mong'ina angetoka Marani kwa miguu kuja kuniona. Amehamia chumba nyuma ya duka la Machogu. Hata hivyo nilikosea kunyamaza wakati Nyanchera hali chakula. Nilidhani atacheka nikimwambia. Nilipomwambia alilia kwanza, kisha akanipiga na pazia.

Siku ya mwisho nilikwenda kumwona akifunga mizigo. Alikuwa amefagia mpaka kwenye kona. Akaniomba nikae, akapika chai. Yeye akanywea kikombe cha bati, na mimi akanimiminia kile cha maua. Mimi, unanijua, sikuweza kunyamaza. Nikasema, "Hiki nilidhani ni cha mtu mwingine." Akaona haya, akatazama chini. Akasema, "Ni chako, Mama. Siku ya kwanza uliponitembelea sikuwa na kikombe cha kukupa. Nikanunua. Kila ukija unakagua haraka unaondoka, sijapata nafasi ya kukipeleka mbele yako."

Nilikunywa chai ile polepole, Alfayo. Ilikuwa na sukari nyingi. Tulikaa tu, tukatazama ukuta, na sote wawili tulijua ni mara ya kwanza na ya mwisho.

Esigani hakungoja mwezi wa nane, alikuja Jumatano. Amekunywa maji, amekula, amesifu. Nikamwacha asifu mpaka akamaliza. Nilikuwa najua zaidi yake. Juzi nimekutana na Omwenga njiani, sasa ni mkwe. Yeye akaingia kwenye shamba la kahawa la watu, mimi nikageukia migomba nikaikagua kana kwamba ni yangu, mpaka akapita. Nilisikia viatu vyake vinakwenda polepole. Ni kijana wa heshima sana.

Wazee wamesema wataleta ng'ombe mwezi wa kumi na mbili. Utakuja. Hapa siombi. Nyasani uje naye. Mwambie familia inamhitaji achimbe choo cha wageni wa harusi, na akishafika huku baba yake atamzuia. Chumba chako kitakuwa wazi bila ugomvi. Hivyo ndivyo mtu wa ukoo anavyotolewa. Wakati wa Onyancha sikulijua hilo.

Chumba cha tatu nacho hakikukaa bila mtu. Amekipanga mwalimu wa shule ya msingi, msichana, anaitwa Persis Nyaboke, kwao ni upande wa Marani. Si wa ukoo wetu, nimeuliza mpaka kwa babu. Anacheka vizuri. Nilimwazima taa.

Ukuta wa chumba hicho sasa unahitaji kutazamwa na mwanamume mwenye ploti yake. Usiogope, kitanda hakigusi. Nimeshakaa.

Ni mimi mama yako, na bado ni mwenye nyumba,
Drusilla Kemuma